Mzigo Deira, mtoto bustanini: siku zake zitenge

Kwenye ndege za usiku zinazotoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Kigali kwenda Dubai, wafanyabiashara huwatambui kwa mavazi. Unawatambua kwa mabegi makubwa matupu yaliyokunjwa ndani ya mabegi mengine. Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, wengine huongeza abiria mmoja kando yao: mtoto wa miaka 3, 4 au 5, aliyeahidiwa kwenda kupanda mabembea.

Hesabu ya mzazi inaeleweka. Tiketi ya kufuata mzigo angeikata tu, na chumba cha hoteli angekilipia tu. Akimwongeza mtoto, na shangazi au baba wa kumshika mkono, anaona amepata likizo ya familia kwa nusu ya bei. Tena bustani kubwa za michezo haziko mbali na soko analolifahamu. Legoland iliyofunguliwa mwaka 2016 iko upande wa Jebel Ali, kandokando ya barabara ya Sheikh Zayed iendayo Abu Dhabi.

Shida ni kwamba hesabu hiyo hupigwa kwa pesa peke yake. Miguu ya mtoto haimo ndani yake, wala usingizi wake. Siku tatu za kwanza anaburutwa Naif na Baniyas, kisha Dragon Mart, jengo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja ambalo hata mtu mzima hulimaliza akitafuta pa kuketi. Siku ya nne anafikishwa bustanini akiwa hoi, huku mama ana simu sikioni akibishana na wakala wa kago kuhusu uzito wa maboksi. Mtoto analia kwenye foleni na mzazi anakasirika kwa sababu amelipa. Picha zinapigwa, lakini likizo hakuna.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, siku za mtoto ziwekwe mwanzo wa safari, kabla hujagusa soko. Sababu ya kwanza ni miguu. Ya pili ni mtaji. Kila mwenye kufuata mzigo anajua jinsi siku ya mwisho inavyokuwa: umeona bidhaa nzuri dakika za mwisho, umechota fedha ya akiba, na kilichobaki ni cha teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Ahadi ya mtoto ikisubiri siku hiyo, itafutwa. Nunua tiketi za bustani kwa mtandao ungali nyumbani, ili fedha hiyo itoke mfukoni kabla haijaonja harufu ya Deira. Mara nyingi bei ya mtandaoni huwa chini ya ile ya mlangoni. Kuikadiria ni rahisi, kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola 100 ni kama dirham 367. Tiketi ya siku moja kwenye bustani kubwa hufika mamia ya dirham kwa kila mtu. Watoto wadogo kabisa kwa kawaida huingia bure, lakini umri wa kuanza kulipa hutofautiana, hivyo usome masharti kabla ya kulipia.

Pima urefu kabla ya kununua

Kosa la gharama kubwa ni kuchagua bustani kwa jina lake. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, inasifika kwa treni ya Formula Rossa inayokimbia kilomita 240 kwa saa. Mtoto wa miaka 4 hatairuhusiwa treni hiyo hata ukimbembeleza mlinzi kwa lugha zote za Afrika Mashariki. Michezo mingi mikubwa hupimwa kwa urefu. Kuna ubao mlangoni, mtoto anasimamishwa mbele yake, na kichwa kisipofika kwenye mstari anarudishwa. Kwa mtoto aliyepanga foleni dakika 40 hilo ni jambo zito. Basi mpime nyumbani kwa futi ya fundi, akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, kisha ufungue ukurasa wa bustani husika uhesabu michezo ambayo kweli ataipanda. Ikiwa ni mitatu tu, umepata jibu lako kabla hujalipa.

Legoland iliwalenga watoto wa miaka 2 hadi 12, na kwa mtoto mdogo ndiyo inayostahili fedha yako. Ina ukumbi uliofunikwa na wenye kiyoyozi, Miniland, ambamo majengo mashuhuri ya nchi za Kiarabu na kwingineko yamejengwa kwa vipande vya plastiki, na Burj Khalifa miongoni mwake imempita mtu mzima mara kadhaa kwa kimo. Kuna pia shule ya udereva kwa wadogo, ambapo mtoto anaendesha gari dogo la umeme na kupewa leseni ya mchezo. Watoto wa madereva na wenye malori watajua thamani ya karatasi hiyo. Upande wa maji una michirizi na vidimbwi vya kina kifupi. Anayevaa nepi bado atahitaji nepi maalumu za kuogelea, nawe zinunue dukani mjini badala ya mle ndani.

Mzazi asiyetaka kutoa fedha nyingi asiidharau Global Village. Ilianza miaka ya 1990 kama vibanda kandokando ya hori la Dubai, na leo ni uwanja mpana wenye mabanda ya nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Hufunguliwa katika miezi ya baridi tu, takriban Oktoba hadi Aprili au Mei, na huanza alasiri hadi usiku. Kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na bustani kubwa, ingawa mabembea hulipiwa mbali. Kwa mfanyabiashara ni mahali pa hatari kidogo, maana macho yatakimbilia vitenge na manukato badala ya mtoto.

Joto, na viza ya bure

Mwaka 2018 serikali ya Falme za Kiarabu ilitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 18 wanaofuatana na wazazi wao wasitozwe ada ya viza ya utalii kati ya Julai 15 na Septemba 15 kila mwaka. Muulize wakala wako jinsi utaratibu huo unavyotumika kwa pasipoti ya nchi yako kabla ya kuutegemea. Lakini itazame tarehe hiyo vizuri. Ni miezi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari unakubana kama uko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Aliyezoea joto la Mombasa au Bujumbura asijidanganye kwamba ni lilelile. Mtoto mdogo huchoka haraka na huishiwa maji mwilini haraka zaidi ya mtu mzima. Ulichookoa kwenye viza utakimalizia kwenye teksi na vinywaji, au mbaya zaidi, kwa daktari.

Kati ya Novemba na Machi hali ya hewa ni ya kupendeza, na jioni mtoto atahitaji sweta. Kama bado hajaanza darasa la kwanza, huna haja ya kufuata kalenda ya shule. Mwezi wa pili, biashara za nyumbani zikiwa zimepoa baada ya sikukuu na ada za shule, ni bora kuliko Desemba yenye foleni ndefu na hoteli ghali. Angalia tu Ramadhani inaangukia lini mwaka huo, kwa sababu saa za kufungua na kufunga hubadilika.

Hata katika miezi hiyo mizuri, usimpangie mtoto siku nzima. Fika mlango unapofunguliwa, kwa kawaida saa 4 asubuhi, wakati foleni ni fupi. Anza na mchezo anaoutaka zaidi. Ikifika saa 8 mchana toka, mkalale. Tofauti ya saa si kubwa, ni saa moja mbele ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na saa mbili mbele ya Kigali na Bujumbura, lakini ndege ya usiku imeshamwibia usingizi. Siku ya kuwasili isiwe siku ya bustani. Mzazi anayetaka kufaidi kila dirham ya tiketi hadi taa zizimwe ndiye anayerudi hotelini amebeba mtoto mwenye homa.

Beba kigari cha mtoto hata kama nyumbani ameshakiacha. Mashirika mengi ya ndege hukipokea bila malipo, na mwendo wa bustani moja tu unaweza kumshinda mtoto wa miaka 4. Chakula cha nje mara nyingi hakiruhusiwi kuingizwa, isipokuwa cha mtoto mchanga, kwa hiyo ale vya kutosha asubuhi. Kwenye treni za metro usimpe biskuti wala maji. Kula na kunywa mle ni kosa lenye faini ya dirham 100. Kwenye gari mtoto wa chini ya miaka 10 hukaa kiti cha nyuma.

Na dawa: dawa za kikohozi na maumivu zenye kodeini, ambazo baadhi yetu tumezoea kuzichukua dukani bila maswali, zinadhibitiwa vikali huko. Usitie mkobani chupa ambayo huwezi kuionyeshea cheti cha daktari.

Karatasi zake mwenyewe

Wafanyabiashara wa Malaba, Busia, Namanga, Rusumo na Gatuna wamezoea mipaka inayowajua kwa sura. Mtu anaonyesha kitambulisho au hati ndogo ya kusafiria, anapita. Mtoto kwenye safari ya Dubai hapiti hivyo. Anahitaji pasipoti yake mwenyewe na viza yake. Mzazi anayesafiri naye peke yake abebe pia cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili. Hasa jina la ukoo la mama likitofautiana na la mtoto, maswali yanaweza kuanzia hapahapa kwetu, kwenye dirisha la uhamiaji, kabla hujaiona ndege. Maombi ya pasipoti ya mtoto huhusisha ridhaa ya wazazi, na wazazi waliotengana hutumia wiki nyingi kuipata. Anza miezi mitatu kabla.

Ukiwa bustanini mwandikie nambari ya simu kwenye kitambaa cha mkononi, ukianza na msimbo wa nchi: +254, +255, +256, +250 au +257. Bora zaidi iwe nambari ya laini uliyonunua Dubai, kwa sababu anayemwokota hatapata tabu kuipiga. Mpige picha asubuhi kabla ya kuingia, ili ukiulizwa alivaa nini usibabaike. Na anayemshika mtoto awe mtu mmoja anayejulikana kwa zamu. Watu wazima watatu wakiwepo, kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama.

Kama mtoto hajafika miaka 3, nakushauri umwache na bibi yake au umpeleke karibu. Bustani ya maji ya Kunduchi mjini Dar es Salaam, au ufukwe wa Aero wa Entebbe wenye ndege kuukuu ambazo watoto hupanda na kucheza, vitamfurahisha vilevile, nawe utamlinda kwa lugha yako mwenyewe. Wa umri huo hajui kama mchanga ni wa Ziwa Victoria au wa Ghuba.

Limebaki begi. Mtoto wa chini ya miaka 2 husafiri mapajani kwa takriban asilimia 10 ya nauli, na hana kiti. Akitimiza miaka 2 mkiwa hukohuko, tiketi ya kurudi huhesabiwa kuwa ya mwenye kiti. Kuanzia miaka 2, kwenye mashirika mengi, tiketi yake humpa haki ya mzigo kama ya mtu mzima, na hapo ndipo jicho la mfanyabiashara hung'aa. Kilo hizo ni halali yenu na hakuna ubaya kuzitumia. Lakini begi lenye jina la mtoto likifunguliwa forodhani na kukutwa na jozi 40 za viatu vya aina moja, afisa ataihesabu ile ni bidhaa na ushuru wake utalipwa, mtoto akiwa amesimama pembeni na mwanasesere wake. Mwanasesere huyo, na leseni yake ya udereva, mwekee kwenye mkoba wa mkononi.