Orodha Moja, Nakala Kumi na Tatu

Kila mwaka mvua za Machi zinapokaribia, ofisi zinazohudumia wakulima wa mahindi Trans Nzoia na Bungoma huanza kutumiana orodha: nani amelipia mbegu, nani anadai mbolea, mifuko mingapi ipelekwe Endebess na mingapi ishushwe Chwele. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika chenye makao Kitale na tawi mjini Bungoma. Karani wa Kitale anaandaa jedwali la wakulima lenye ukubwa wa megabaiti 6, analiambatisha kwenye barua pepe na kuwatumia wenzake 12. Yeye anajua ametuma faili moja. Mtandao unajua vingine: nakala 12 zimeingia katika visanduku vya barua vya watu 12, na ya 13 imebaki kwenye folda ya barua alizotuma yeye.

Tena hazisafiri kwa megabaiti 6. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi matupu. Mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni zinazoitwa MIME, zilizowezesha picha, sauti na majedwali kusafiri ndani ya barua kwa kuvishwa vazi la herufi. Kila baiti 3 za faili hugeuzwa kuwa herufi 4. Kwa hiyo faili la megabaiti 6 linakuwa la megabaiti 8 na kidogo, na nakala zile 13 kwa jumla zinapita megabaiti 100. Ndiyo sababu seva huweza kukataa kiambatisho ambacho kwenye kompyuta yako kinaonekana hakijafikia kikomo. Afisa wa nyanjani anayefungua barua kwa simu huko Sirisia analipia ongezeko hilo kutoka kwenye bando lake. Na kama ofisi inatumia akaunti za bure za Google, kila mtu ana gigabaiti 15 tu, zikigawanywa kati ya barua, hifadhi ya mafaili na picha.

Hata hivyo, nafasi si tatizo kubwa. Nafasi hununuliwa. Kubwa ni kile kinachotokea siku mbili baadaye.

Bungoma wanafungua orodha, wanarekebisha idadi ya mifuko ya wakulima wa Kimilili, wanalihifadhi faili kwa jina lilelile na kulirudisha. Kitale nako mhasibu amekwisha kuingiza malipo mapya katika nakala yake. Sasa kuna orodha mbili, zote zina jina moja, zote zina kitu cha kweli ambacho nyingine haina. Simu zinaanza: “Madam, hii uliyonitumia ni ile ya Jumanne ama ni ya leo?” Lori linapakiwa huku swali hilo halijajibiwa, na mkulima aliyelipa anaweza kufika ghalani akute jina lake halipo.

Nakala zinazofanana kabisa ni mzigo tu. Zinazokaribia kufanana ndizo hatari, na hizo hakuna mashine itakayokuondolea.

Nasema hivyo kwa sababu ofisi nyingi zinapoona diski imejaa hukimbilia programu za kuondoa marudio. Programu hizi ni nzuri na inafaa kujua zinavyofanya kazi. Husoma faili lote na kulikokotolea alama ya utambulisho. Kwa njia iitwayo SHA-256, alama hiyo huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Mafaili mawili yenye alama moja ni faili lilelile, hata kama moja linaitwa “orodha” na lingine “orodha ya mwisho kabisa”. Ukibadilisha nukta moja, alama yote inabadilika. Kwa msingi huo, hifadhi ya pamoja inaweza kutunza faili mara moja tu na kuwaonyesha watu wote nakala hiyohiyo. Windows Server ina huduma ya namna hii tangu toleo la 2012, ingawa yenyewe hulinganisha vipande vya mafaili badala ya mafaili mazima.

Lakini ulizeni ofisini ni nini hasa kinachojirudia. Jedwali la Excel likifunguliwa na kuhifadhiwa tena, hata bila kugusa namba, programu huandika ndani yake saa mpya na jina la aliyelihifadhi. Alama inabadilika. Faili hilo pia limebanwa kama zipu, kwa hiyo badiliko dogo huweza kuvuruga sehemu kubwa ya baiti zake, na hata kulinganisha vipande hakusaidii sana. Barua iliyoskaniwa mara mbili huzaa mafaili mawili tofauti. Picha ya risiti ikipitia WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa upya na haiwi tena ile iliyopigwa. Ikitumwa kama waraka ndipo hufika ilivyo. Mashine itaona hivi vyote kuwa vitu tofauti, na kwa hesabu yake iko sahihi.

Dawa basi ni kuzuia nakala isizaliwe. Faili likae mahali pamoja, kwenye folda ya pamoja ambayo Kitale na Bungoma zote zinaifikia, na barua pepe ibebe linki peke yake. Anayerekebisha arekebishe pale pale. Hifadhi nyingi za mtandaoni hutunza matoleo ya nyuma, hivyo aliyefuta safu kwa bahati mbaya anaweza kurudishiwa ya jana bila mtu kutunza “orodha2” na “orodha3”. Jina la faili libebe jambo na msimu, lisibebe neno “mwisho”, maana orodha ya wakulima haina mwisho hadi mfuko wa mwisho utoke ghalani.

Tahadhari ya kwanza ni ruhusa. Linki iliyofunguliwa kwa yeyote aliye nayo ni mbaya kuliko kiambatisho, kwa kuwa ikipotea njiani inaonyesha hata yale yatakayoandikwa kesho. Toeni ruhusa kwa majina au kwa kikundi cha ofisi, na anayehama kazi aondolewe siku hiyo hiyo. Orodha hizi zina namba za vitambulisho na za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na inampa mwenyewe haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe. Mkulima akija na ombi hilo, utalitekelezaje kama namba yake imelala katika visanduku 13, katika simu za watu na katika flashi zisizojulikana ziliko? Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko zote.

Ya pili ni mtandao wenyewe, ambao hukatika. Afisa aliye njiani kati ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye anahitaji orodha hata pasipo mawimbi. Awashe kipengele cha kutumia faili nje ya mtandao kwenye simu, asipakue nakala ya pembeni. Watu wawili wakirekebisha wakiwa wamekatika, baadhi ya hifadhi zitatunza matoleo yote mawili na kuliandika moja kuwa lina mgongano. Lazima awepo mtu mmoja, kwa cheo chake, mwenye jukumu la kuyapatanisha siku hiyo hiyo. Pasipo mtu huyo folda ya pamoja itakuwa jaa la pamoja.

Viambatisho vya zamani navyo visifyekwe ovyo. Kwenye Gmail, andika “has:attachment larger:5M” mahali pa kutafutia na barua nzito zitajitokeza. Thunderbird huweza kukitoa kiambatisho na kukihifadhi kando huku barua ikibaki. Anza na barua zilizosambazwa tena na tena, kwa kuwa kumjibu mtu kwa kawaida hakurudishi kiambatisho, ila kumpelekea mwingine barua hiyo hukibeba tena.

Lakini mkataba uliotiwa saini, ankara, au bei iliyotumwa kwa mnunuzi siku fulani, hivyo viacheni ndani ya barua. Linki huonyesha faili lilivyo leo. Kiambatisho huonyesha lilivyokuwa siku lilipotumwa, na mabishano ya malipo yakifika mezani, hicho ndicho wote watakachoomba kukiona. Nyaraka za aina hii zigandishwe kuwa PDF, zipewe tarehe, nakala moja iwekwe kwenye folda ambayo wengi wanaweza kuisoma na mmoja tu anaweza kuibadilisha.