Kilomita 18 za Finestre: Panga Pumzi, Panga Pesa

Tarehe 25 Mei 2018, Chris Froome alikuwa wa nne kwenye mbio za Giro d'Italia, dakika 3 na sekunde 22 nyuma ya kiongozi. Froome alizaliwa hapa Nairobi, na mbio za baiskeli alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Siku hiyo, kwenye barabara ya changarawe ya mlima uitwao Colle delle Finestre, zikiwa zimebaki kilomita 80, aliwaacha wenzake wote. Alifika Bardonecchia peke yake, dakika 3 mbele ya aliyemfuata. Siku mbili baadaye akabeba taji.

Wengi wanakumbuka miguu yake. Wachache wanakumbuka chakula. Timu yake ilisambaza watu kando ya barabara ya mlima, kila mmoja na chupa na kitu kidogo cha kula, ili asibebe mzigo asiouhitaji na pia asiishiwe nguvu. Hesabu yote ilifanywa kabla hajakanyaga pedali.

Barabara hiyo haikujengewa mabingwa pekee. Kila kiangazi watu wa kawaida huipanda kwa baiskeli zao, wengine na mizigo ya safari. Kama wewe ni miongoni mwa Wakenya wanaoweka akiba ya kwenda kuiona, hebu tukupe ramani mbili kwa pamoja: ya njia, na ya pesa yako ukiwa njiani.

Mlima wenyewe uko wapi?

Finestre iko kaskazini-magharibi mwa Italia, si mbali na mpaka wa Ufaransa, ndani ya hifadhi ya mazingira ya Orsiera-Rocciavrè katika milima ya Alps. Hapo wanaishi mbuzi-mwitu wa milimani, mbwa-mwitu, na mnyama mnene mwenye manyoya aitwaye marmot, ambaye hupiga mluzi mkali akiona hatari. Ukimwona juu ya jiwe lake utamkumbuka pimbi wa Mlima Kenya.

Safari huanzia Susa, mji mdogo ulio karibu kilomita 50 kutoka Torino. Kuna treni, na treni nyingi za mkoa hukubali baiskeli ukiilipia tiketi yake. Susa bado kuna tao la mawe lililojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa heshima ya Kaisari Augusto. Litazame, piga picha, kisha jaza chupa zako zote. Usisubiri kiu.

Siku ya kwanza: Susa hadi Fenestrelle

Kutoka Susa hadi kileleni ni kilomita 18.5. Kwa wastani, kila mita 100 unazosonga unapanda zaidi ya mita 9. Hakuna sehemu tambarare ya kupumzikia. Unaanza kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na kumaliza kwenye mita 2,178. Ukienda kilomita 7 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa mbili na nusu bila kusimama hata mara moja.

Sehemu ya kwanza ni lami. Unapita Meana di Susa, kisha unaingia msituni, ambako barabara inajikunja kona juu ya kona hadi unaacha kuzihesabu. Kisha lami inakwisha. Kilomita karibu 8 za mwisho ni changarawe, na msitu unaachia nafasi majani mafupi na upepo. Tairi nyembamba za mbio hupita, lakini tairi la upana wa milimita 35 hadi 40 litakupa amani zaidi. Beba gia nyepesi kabisa unayoweza kupata, tyubu mbili na pampu. Huko juu hakuna fundi wa kando ya barabara kama wale wetu.

Beba pia koti. Kwa kawaida joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo ukiacha nyuzi 25 kule Susa, unaweza kukuta 15 kileleni. Na unapoteremka ukiwa umelowa jasho, upepo haukuonei huruma.

Upande wa pili ni lami tena, nyembamba, hadi bonde la Chisone na mji wa Fenestrelle. Ngome yake ilianza kujengwa mwaka 1728, nayo inapanda mlima kama ukuta usioisha. Ndani yake kuna ngazi iliyofunikwa yenye vidato karibu 4,000. Lala hapa au kijiji jirani cha Usseaux, chenye michoro kwenye kuta za nyumba. Miguu yako itakushukuru.

Siku ya pili: lami au ukingo wa mlima?

Hapa una njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni kupanda barabara kuu hadi Sestriere, mita 2,035, mji ulioandaa mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya Olimpiki ya mwaka 2006. Kisha unateremka Cesana na Oulx, na kufuata bonde hadi Susa. Njia hii ina maduka, mikahawa na mtandao wa simu.

Ya pili ni ya wenye roho ngumu: barabara ya Assietta. Unarudi juu hadi Pian dell'Alpe na kufuata changarawe juu ya ukingo wa mlima hadi Sestriere. Ni zaidi ya kilomita 30, nyingi zikiwa juu ya mita 2,000, na Colle dell'Assietta yenyewe ni mita 2,472. Mwaka 1747 wanajeshi wa Piemonte waliwazuia Wafaransa hapo. Julai na Agosti kuna siku za wiki ambazo magari na pikipiki hukatazwa kupita, na hizo ndizo siku bora kwako. Uliza ratiba kabla ya kupanga. Barabara zote mbili za changarawe hufungwa na theluji wakati wa baridi, kwa hivyo lenga katikati ya Juni hadi Septemba.

Aliyetumia mapema, na aliyesubiri

Siku ile Froome aliposhinda, kuna mtu alipoteza kila kitu. Simon Yates wa Uingereza alikuwa amevaa jezi ya waridi ya uongozi kwa siku 13 na kushinda hatua tatu. Finestre ikamkuta akiwa mtupu. Alipoteza zaidi ya dakika 38 kwa siku moja.

Miaka saba baadaye, tarehe 31 Mei 2025, Giro ilirudi kwenye mlima uleule. Yates alikuwa wa tatu, na kwa wiki tatu hakuwa ameshinda hatua hata moja. Alikuwa ameweka akiba. Safari hii yeye ndiye aliyeondoka, wapinzani wake wawili wakabaki wakitegeana, na jezi ya waridi ikawa yake hadi Roma.

Msafiri wa kawaida hushindwa kwa njia hiyohiyo. Kilomita tano za kwanza anaruka kama swala, ya kumi anasukuma baiskeli kwa mkono. Na pesa ya safari ni vilevile: ukiimaliza Torino kwa viatu na vyakula vya bei, mlima utakukuta huna kitu. Sasa tuje kwenye mfuko.

Pesa yako mlimani: mambo sita

*1. Jua kadi yako inafanya nini.* Kadi ya mtandaoni unayofungua kwenye app ya pesa za simu inafaa kulipia nyumba ya wageni au tiketi kwenye intaneti. Lakini nyingi hazina plastiki, kwa hivyo huwezi kuiingiza kwenye ATM kule Susa. Kama unataka kutoa keshi, beba kadi ya plastiki, na uijaribu hapa nyumbani kabla ya kusafiri.

*2. Mashine ikikuuliza shilingi au euro, chagua euro.* Ukilipa kwa kadi ya Kenya, mashine inaweza kukuonyesha bei kwa shilingi. Inaonekana rahisi kwa sababu unaielewa. Lakini ukikubali, kiwango cha kubadilisha kinawekwa na upande wa mwenye mashine, na mara nyingi kina nyongeza ndani yake. Chagua EUR, kisha soma ujumbe kwenye simu yako uone umekatwa ngapi.

*3. Amana si matumizi, lakini inakufungia salio.* Ukikodi baiskeli au kuweka chumba, duka linaweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako hadi urudishe mali yao. Pesa hiyo haijaenda, lakini huwezi kuitumia. Usipange chakula cha jioni kwa pesa iliyozuiwa asubuhi.

*4. Washa roaming kabla ya kupanda ndege.* Malipo mengi ya mtandaoni huthibitishwa kwa namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa SMS. Laini yako ikiwa imekufa, na malipo yamekufa. Kaa chonjo pia: namba hiyo na PIN yako ni zako peke yako, hata anayepiga simu akijiita mhudumu wa wateja.

*5. Lipa chumba mahali penye kinga.* Matapeli hupenda tangazo zuri la nyumba ya mlimani lenye bei ya chini. Mtu akikutaka utume pesa moja kwa moja kwake, nje ya tovuti uliyomkuta, mwache. Pesa ikishavuka mpaka, kuirudisha ni kazi kubwa.

*6. Keshi kidogo, mahali pakavu.* Sheria ya Italia inawataka wafanyabiashara wakubali kadi, na tangu katikati ya 2022 kuna faini kwa anayekataa. Lakini sheria haileti mtandao mlimani. Beba euro za kutosha mlo mmoja na usiku mmoja, kwenye mfuko wa plastiki, mbali na simu. Simu ikizima kwa baridi saa kumi na mbili jioni, noti hizo ndizo zitakazokulaza ndani badala ya nje.

Kumbuka pia gharama ambazo hazionekani kwenye picha. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Usiione bima kama karatasi ya ubalozi tu. Ukianguka kwenye changarawe ukavunjika mfupa, ndiyo itakayolipa hospitali. Ukiumia, piga 112.

Anza hapa nyumbani

Huhitaji kusubiri Italia ndipo ufanye mazoezi. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mbuga unayoweza kuzunguka kwa baiskeli. Na hapo utajifunza upande wa pili wa somo la pesa: malangoni mwa KWS keshi haitakusaidia, kiingilio hulipwa kupitia eCitizen. Mlima mmoja unataka noti mfukoni, mbuga nyingine inataka simu yenye chaji. Msafiri mzuri huuliza kabla ya kufika getini.

Usiku wa kuamkia safari, iwe ya Naivasha au ya Susa, jiulize maswali manne. Chupa zimejaa? Simu ina chaji? Kadi imejaribiwa? Na kama vyote vikikataa, keshi yangu iko wapi? Ukiwa na jibu la hilo la mwisho, lala mapema. Kilomita 18 za kupanda hazina haraka.