Mtoto naye apewe supu ya sato

KARIBU na mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, hoteli za chai huamka mapema. Mezani kuna kitambaa cha plastiki na bakuli la sukari lenye kijiko kimoja cha wote. Jikoni chapati zinageuzwa, maandazi yanatoka kwenye mafuta, na pembeni sufuria ya supu ya sato inachemka. Hakuna menyu, unauliza kilichopo.

Ladha ya hapo hata mimi siiachi. Chapati ya moto na chai ya maziwa yenye tangawizi inashinda mkate wowote wa dukani. Tatizo liko kwenye kuagiza. Baba anataka supu ya samaki, mama ugali wa muhogo na dagaa, kisha inasikika: "Mtoto mletee chai na chapati." Ni hivyo hivyo stendi ya Bunda, na hata kwa familia zinazotoka kutembelea makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama. Anayekua ndiye anayepewa mlo hafifu kuliko wote.

Anza na sukari. Kijiko kimoja cha chai kina takribani gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,200, hizo ni gramu 30. Vijiko vitatu kwenye kikombe cha asubuhi vimeshamaliza 12, na siku bado mbichi.

Kubwa zaidi ni damu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini chakula kimo. Majani ya chai yana tanini, ambayo hunasa madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, mboga na nafaka kabla mwili haujayachukua. Samaki hufanya kinyume chake: ana chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, na husaidia kile cha mboga nacho kipokelewe. Ndimu pia husaidia, nayo mara nyingi iko hapo hapo mezani.

Ugali wa muhogo unashibisha, ila protini yake ni ndogo mno. Wilayani Tarime, katika ukame wa mwaka 1985, muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka ulihusishwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Watoto na kina mama wa umri wa kuzaa ndio huathirika zaidi, na mlo usio na protini huzidisha hatari. Muhogo uliolowekwa na kuanikwa vizuri ni chakula salama, lakini uende na samaki au maharage.

Kwa hiyo ukikaa hotelini, agiza bakuli moja la supu na umgawie mwanao. Omba isitiwe pilipili, chagua mnofu wa mgongoni, kisha uupapase kwa vidole mpaka uwe na uhakika hauna mwiba. Dagaa wa ziwani wanafaa sana kwa kuwa huliwa na mifupa yao, yenye kalsiamu. Kwa mdogo, wasagwe watiwe kwenye uji wa ulezi. Ukiwaandaa nyumbani waoshe mara kadhaa, maana wengi huanikwa juu ya mchanga na hakuna kinachokera kama dagaa wanaokwaruza meno.

Chai aisubiri saa moja baada ya kula, iwe nyepesi na sukari kidogo. Akilia kikombe kama cha wakubwa, uliza maziwa ya moto. Hoteli nyingi huwa nayo jikoni hata kama hakuna aliyeyataja.