Kulipia sale ya kucheza: feza ilitoka, funguo haikutoka

Kaka yangu mukubwa anaendesha benne katika mine moja upande wa Kolwezi. Analala kambini majuma kadhaa, kisha anarudi Lubumbashi siku chache kuona watoto, na anaenda tena. Mwaka jana, wakati binti yake alikaribia kuolewa, kazi ilimwachia siku moja tu ya kujifunza dansi ya baba na bibi arusi: siku ya posho, tangu saa nane ya muchana mpaka saa kumi.

Mimi ndiye nilitumwa kutafuta sale. Nilipata moja katika kambi ya zamani ya wafanyakazi: ukuta munene, madirisha mapana, miembe mbele ya mulango. Bei ilikuwa dolari 20 kwa saa mbili. Nilitoa avansi ya dolari 10, noti safi, maana kila mutu hapa kwetu anajua kama dolari yenye kupasuka hata kidogo ni karatasi tu. Mwenye kupokea aliiangalia kwenye jua, akaitia mufukoni, akasema: « Hakuna shida, yaya. » Resi hakuandika. Na mimi sikuomba.

Siku ilipofika, tulikuta wamama wa kwaya ndani, ngoma zao zimekwisha kupangwa. Nao pia walitoa avansi, kwa mutu yule yule. Simu yake ilikuwa imefungwa.

« Papa, miye niko naangaria mulango tu, » sentinele alimwambia kaka yangu. « Bakubwa njo banashika feza. »

Kaka yangu hakupiga kelele. Alisimama pale na viatu vyake vya kazi, akaangalia saa. Binti yake alianza kulia pole pole. Ndipo mukubwa wa wale wamama alitoka inje.

« Tata, unatoka ku kazi? »

« Njo vile, mama. Nilitoka Kolwezi jana mangaribi, kesho narudia. »

« Basi muingie. Shiye tutapumzika kidogo. »

Walitupatia nusu saa. Kaka yangu alicheza na viatu vyenye chuma mbele, binti akilinda vidole vyake, wamama wakipiga makofi. Siku ya arusi dansi ile ilienda muzuri. Lakini tangu hapo nimeuliza watu wengi wenye kulipia sale katika muji huu: vikundi vya vijana, wenye kufundisha dansi, wamama wa mashirika, watu wa ndoa. Nilikuta kama mambo yetu hayakuwa ya ajabu hata kidogo.

Zamani tuliingia bure

Mama yule wa kwaya ni mujane wa mufanyakazi wa Gécamines. Sale ile anaijua tangu alikuwa binti. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, kambi ilikuwa na foyer ambapo wanawake walijifunza kushona na kupika, na cercle ambapo wafanyakazi walienda kunywa, kuona sinema na kucheza. Kazi ndiyo iliwapa nyumba, posho, daktari, masomo ya watoto, hata nafasi ya kucheza. Ndiyo sababu wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama.

« Tulikuwa tunaingia bure, » mama anasema. « Hakuna mutu alikuwa anauliza resi. »

Kisha baba yule alikosa nguvu. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika ule mupango wenye waliita départ volontaire. Majumba mengi ya kambi yalibadilika: mengine yamekuwa makanisa, mengine masomo, mengine mahali pa kuuza pombe. Na yale yenye kubaki sale, leo yanalipiwa kwa saa.

Mama hakatai kulipa. Anasema umeme una bei, maji yana bei, mufagio una bei. Yenye kumuuma ni ingine: kulipa kama mugeni ndani ya nyumba yenye bwana yake alitumikia miaka mingi, na bado kukuta mulango umefungwa.

Sementi na magoti

Kijana mumoja wa Katuba anafundisha watoto dansi kila kazi tatu na kila siku ya posho. Baba yake alifanya kazi chini ya ardhi, na magoti yalimuharibikia huko. Mwana naye, kwa miaka yake 26, analalamika magoti. Sababu ni sementi.

Sementi haijui kusamehe. Ukiruka na kushuka juu yake, pigo lote linarudi katika kisigino, linapanda mupaka kwenye goti na mugongo. Sale za watu wenye kufanya dansi kama kazi zina mbao chini, na mbao hizo hazilale moja kwa moja juu ya sementi: wanaacha nafasi ao wanatia kitu chororo katikati, ili chini ibonyee kidogo wakati mutu anashuka. Juu yake wanatandika lino nyembamba, isiwe ya kuteleza. Na kwenye ukuta, vioo virefu, kusudi kila mutu aone kosa lake mwenyewe.

Sale ya namna hiyo kijana yule aliipata mara moja katika muji, lakini bei ya saa moja ilipita feza yenye wazazi wote wa watoto wake wanatoa kwa juma. Alirudi kwenye sementi. Sasa anafanya hivi: kuruka ni kwa dakika chache tu, viatu vyenye kisigino chororo ni sheria, na mutoto mwenye kusikia maumivu anakaa chini. Vioo hana. Watoto wanasimama wawili wawili, kila mumoja ni kioo cha mwenzake.

Wengine wanaweza kuona kama ni michezo tu. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO katika mali ya dunia nzima mwaka wa 2021, kwa jina la Kongo zote mbili. Lakini mutu hazaliwi na rumba katika miguu. Anajifunza mahali fulani, juu ya chini fulani, na mutu fulani analipa.

Umeme, na upande wa mwenye funguo

Lalamiko lenye nilisikia kila pahali ni umeme. Unalipa saa mbili, kura inakatika nyuma ya dakika 20. Saa zinaendelea kuhesabiwa ao hapana? Mwenye sale anasema ndiyo, mwenye kulipa anasema hapana. Kama kuna grupe, nani ananunua mazutu? Kikundi kimoja cha vijana kilimaliza mazoezi yake kwa simu iliyotiwa ndani ya sufuria ili muziki usikike.

Lakini tusikie na wenye kushika funguo. Mumoja wao alinionyesha viti vyenye kuvunjika, bomba la choo lenye kungolewa, ukuta wenye kuandikwa majina. Alisema vikundi vinalipa saa mbili na kukaa tatu, kisha vinamuita mutu mubaya akizima taa. Hana feza ya kutengeneza, ndiyo maana anapokea avansi mbili: anaogopa kama mumoja hatakuja. Hapo sikukubali naye. Hofu yake ninaielewa, lakini siku moja ya kaka yangu haikuwa mali yake ya kuuza mara mbili.

Mbele ya kutoa feza

Kutoka katika midomo ya watu hawa wote, haya ndiyo mashauri yenye kurudi kila mara.

Uende kuona sale saa ile ile yenye utaitumia. Sale ya asubui haiko sale ya mangaribi: joto, kelele ya jirani, giza, vyote vinabadilika.

Uandikishe siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, feza uliyotoa na ile yenye kubaki. Sahihi mbili, yako na yake. Kama hana kitabu, beba karatasi yako, na upige picha.

Uulize jambo la umeme mbele, si siku ya mazoezi. Uulize pia kama kuna garanti, na siku gani inarudi.

Ujue jina la mutu mwenye funguo kweli. Mara mingi, mwenye kupokea feza na mwenye kufungua mulango ni watu wawili.

Uhesabu milango. Shauri hili lilitoka kwa kaka yangu. Mutu wa mine haingii pahali bila kuangalia pa kutokea. Katika sale yetu alikuta mulango wa pili umezibwa na mabenchi. Tuliyaondoa sisi wenyewe mbele ya kuanza muziki.

Na kama unaweza, uombe saa za muchana, kati ya juma. Wamama wa kwaya wanafanya hivyo sasa, na wanalipa kidogo.

Wamama hao hao walienda kuona mukubwa wa sale, si kugombana, kuongea. Walimupelekea kitabu cha kurasa 100 na kalamu imefungwa kwa kamba. Kitabu kinakaa kwa sentinele, kila mutu anaweza kukisoma. Dolari zangu 10 hazikurudi, lakini zilihesabiwa kwa safari ingine.

Safari hiyo imekaribia. Wamama wanatayarisha dansi ya Sainte Barbe, siku ya wachimbaji, tarehe 4 Desemba, na wameomba waume na wakaka wacheze pamoja nao. Nilienda kuandikisha jina. Sentinele alifungua kitabu, akafuata mustari kwa kidole, akasema: « Hapa hakuko mutu, yaya. Andika. »

Niliandika. Kisha niliomba resi.