Mgongo Unapouma na Figo Zinapoziba: Saratani ya Uboho na Madhara Yake

Katika miteremko ya Milima ya Uluguru mgongo wa mkulima una kazi kubwa. Wa Mgeta huinama siku nzima katika bustani za kabichi na viazi. Wa Kinole na Matombo huteremsha mikungu ya ndizi kwa njia nyembamba. Kwa hiyo mzee alalamikapo kwamba mgongo wamwuma, watu hawashangai. Husema ni kazi, au ni umri, naye hununua dukani vidonge vya kutuliza maumivu. Mara nyingi husema kweli. Lakini yako maumivu machache ya mgongo ambayo chanzo chake si mzigo, bali ni saratani iliyo ndani ya mfupa. Na saratani hiyo ina tabia ya kuharibu kiungo kilicho mbali na mfupa, yaani figo. Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini vidonge hivyo vyaweza kuongeza madhara.

Kiwanda cha kingamwili

Ndani ya mifupa mna uboho, ambamo chembe za damu hutengenezwa. Humo pia hukaa seli za plazima, ambazo kazi yake ni kuunda kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu vya maradhi. Kila kingamwili imeundwa kwa minyororo minne: miwili mizito na miwili myepesi. Seli za plazima hutengeneza minyororo myepesi kidogo zaidi ya ile inayohitajika, na ile inayobaki huingia katika damu. Kwa mtu mwenye afya, masalio hayo ni takribani nusu gramu tu kwa siku.

Wakati mwingine seli moja ya plazima hubadilika, ikaanza kuzaana bila kikomo. Hii ndiyo saratani iitwayo mayeloma. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 60, na takwimu za Marekani zaonyesha kwamba Wamarekani weusi huugua takribani mara mbili zaidi ya weupe. Seli hizo huchochea mfupa kumomonyoka, na hapo ndipo yatokapo maumivu ya mgongo na mbavu. Kalisi ya mfupa humwagika katika damu. Nafasi ya kutengenezea chembe nyekundu hupungua, mgonjwa akapungukiwa damu na kuchoka. Aidha, seli zote hizo, kwa kuwa ni za ukoo mmoja, hutengeneza protini ya aina moja isiyo na faida, na mara nyingi humwaga minyororo myepesi kwa gramu nyingi kila siku.

Kazi ya figo

Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, na kila kichujio kina kijifereji chake. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja takribani lita 180 za majimaji, yaani ndoo tisa za lita 20. Karibu yote hurudishwa katika damu na kuta za vijifereji, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Kichujio huzuia protini kubwa zisipite. Lakini mnyororo mwepesi ni mdogo, nao hupita. Kwa kawaida hakuna hasara, kwa sababu seli za sehemu ya kwanza ya kijifereji huumeza na kuuvunjavunja. Katika mayeloma mzigo huzidi uwezo. Seli hizo huchoka na kuumia, na minyororo iliyosalia husukumwa mbele.

Jinsi vijifereji vinavyoziba

Wakazi wa Morogoro walijua vizuri Bwawa la Mindu. Mto Ngerengere na vijito vya Uluguru huliletea maji, lakini pia udongo uliochukuliwa na mvua katika mashamba ya miteremkoni. Maji yaendayo kasi huubeba udongo huo. Yakifika bwawani hupunguza mwendo, na udongo hutua chini. Jambo linalofanana na hilo hutokea katika figo. Mkojo ukiwa mwingi na wenye mwendo, minyororo myepesi husafirishwa nje. Ukiwa mchache na mzito, hiyo hutua.

Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Udongo hutua kwa uzito wake tu, lakini minyororo myepesi hushikamana na protini nyingine, iitwayo uromodulini, ambayo figo yenyewe huitengeneza katika sehemu ya mbele ya kijifereji. Protini hizo mbili zikiungana huwa kama kizibo kigumu. Kijifereji huziba, huvimba, na pengine hupasuka. Hatimaye kovu hufunika mahali palipokuwa pakifanya kazi. Karibu nusu ya wagonjwa wa mayeloma hupata matatizo ya figo wakati fulani wa ugonjwa wao.

Yako mambo yanayoharakisha kuziba huko. La kwanza ni upungufu wa maji mwilini, kama vile kwa kuhara, kutapika au kufanya kazi juani bila kunywa. La pili ni ile kalisi iliyomwagika kutoka katika mifupa: hubana mishipa ya damu ya figo, tena humfanya mgonjwa akojoe sana hata akakaukiwa. La tatu ni vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Vidonge hivi huzuia kemikali ambazo mwili huzitumia kuuacha wazi mshipa uingizao damu katika kichujio. Mtu mwenye figo nzima aweza kuvivumilia kwa siku chache. Mgonjwa wa mayeloma aweza kupoteza figo zake. Basi maumivu ya mfupa humwelekeza mgonjwa kwenye dawa ambayo ni hatari kwake kuliko kwa wengine.

Jinsi ya kuugundua ugonjwa

Mwaka 1845, mjini London, tabibu na mwanakemia Henry Bence Jones aliletewa mkojo wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na maumivu makali ya mifupa. Mkojo huo ulikuwa na tabia ya ajabu. Ulipopashwa moto kiasi ulikuwa na ukungu wa protini, ulipochemka ukungu ulitoweka, ulipopoa ukarudi. Mwaka 1962 Gerald Edelman na Joseph Gally walionyesha kwamba protini hiyo ni minyororo myepesi ya kingamwili.

Walimu waweza kuonyesha tofauti hiyo kwa urahisi. Changanya ute wa yai na maji, tia katika neli ya kioo, pasha moto. Ute hugeuka mweupe, na hata ukichemshwa zaidi au ukipozwa haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Protini ya Bence Jones haifuati kanuni hiyo.

Kanda za kupimia mkojo zitumikazo katika zahanati hutambua hasa albumini, wala hazitambui vyema minyororo myepesi. Kwa sababu hiyo, jibu kwamba mkojo ni safi halitoshi. Hapana budi kupima wingi wa damu, kalisi na kreatinini, kuzitenganisha protini za damu na mkojo kwa nguvu za umeme, kupiga picha za mifupa, na kuuchunguza uboho wenyewe.

Tiba

Kiini cha tiba ni kukifunga kiwanda. Dawa kama deksamethasoni na bortezomibu huua seli za plazima zilizoasi, na minyororo myepesi hupungua. Pamoja na hayo, mgonjwa hupewa maji ya kutosha kwa kipimo cha daktari, na kalisi hushushwa. Tiba ikiwahi, figo nyingi hupata nafuu. Ikichelewa, huenda mgonjwa akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mgonjwa wa Morogoro aweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam.

Hatusemi kwamba kila mgongo unaouma una saratani. Ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini mtu mzima ambaye maumivu ya mgongo au mbavu yamedumu kwa majuma kadhaa, hayatulii hata akipumzika, tena yameambatana na uchovu, upungufu wa damu, kiu isiyo ya kawaida au maradhi ya mara kwa mara, asiendelee kununua vidonge dukani. Na afike hospitali apimwe damu. Wanafunzi wanaosoma habari za figo darasani wanaweza kuwaeleza jambo hili babu na bibi zao nyumbani.