Bunge Linapoingia Chumba cha Daktari

Tarehe 18 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba sheria ya jimbo la Tennessee haivunji katiba. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Julai 2023, inamkataza daktari kumpa aliye chini ya miaka 18 dawa za kuchelewesha balehe au homoni, au kumfanyia upasuaji, ili aishi kwa jinsia tofauti na aliyozaliwa nayo. Anayeikiuka anaweza kutozwa dola 25,000 kwa kila kosa. Majimbo mengine zaidi ya 20 yana sheria za namna hiyo. Wapo walioipokea hukumu kana kwamba imemaliza ubishi juu ya tiba yenyewe, lakini haikufika huko. Jaji Mkuu John Roberts alisema sheria inatofautisha watu kwa umri na kwa sababu ya kutumia dawa, si kwa jinsia, na kwamba mabishano ya kitabibu yaachiwe wananchi na wabunge wao. Jaji Sonia Sotomayor alipinga: huwezi kujua kijana gani ananyimwa homoni ipi mpaka ujue alizaliwa mvulana au msichana. Mahakama imesema bunge la jimbo lina mamlaka. Kama limeyatumia vyema ni suala lingine, na kwa maoni yangu halikuyatumia vyema.

Watetezi wa marufuku wana hoja nzito, tena si ya kubuni. Nchini Uingereza, daktari wa watoto Hilary Cass alitoa ripoti yake Aprili 2024, akitegemea uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha York, na akakuta ushahidi wa manufaa ya dawa hizi kwa vijana ni dhaifu mno. Finland mwaka 2020 na Sweden mwaka 2022 zilikuwa zimeshabana miongozo yao. Ila tazama walivyobana. Sweden na Finland zilitumia miongozo ya afya, na kijana mwenye hali ya kipekee bado anaweza kutibiwa baada ya kuchunguzwa kwa kina. Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa kuwazuilia wagonjwa wapya dawa za kuchelewesha balehe, lakini agizo lenyewe limepangiwa kupitiwa upya mwaka 2027. Cass mwenyewe alitaka utafiti zaidi na tahadhari kubwa. Hakusema kila kijana afungiwe mlango.

Sheria ya Tennessee haina nafasi hiyo. Mtoto wa miaka sita aliyeanza kubalehe mapema anaruhusiwa sindano ileile anayonyimwa kijana wa miaka 14. Mtu atajibu kwamba dawa moja huwa na faida na hatari tofauti kwa maradhi tofauti, na ni kweli kabisa. Basi kupima hatari hizo, mgonjwa kwa mgonjwa, ndiyo kazi ya kitabibu. Zaidi ya hapo, sheria yenyewe inataja kuwa jimbo lina maslahi ya kuwahimiza watoto waithamini jinsia yao. Hilo si lengo la tiba, na hakuna uchambuzi wa York utakaolithibitisha au kulikanusha.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni lingine: madaktari wa Marekani wenyewe walichelewa. Chama chao cha madaktari wa watoto kiliunga mkono tiba hii mwaka 2018, na mwaka 2023 kikarudia msimamo huohuo papo hapo kikiagiza uchambuzi wa kina wa ushahidi. Uchambuzi ulipaswa kutangulia. Wazazi waliopoteza imani hawakuipoteza bure, na mtoto, ambaye hawezi kuridhia mambo mazito peke yake, anastahili kulindwa. Hata hivyo dawa ya taaluma iliyolegea ni kuisimamia: kudai uchunguzi wa afya ya akili, kuweka kumbukumbu za muda mrefu, kupanga umri wa chini kwa kila hatua. Mwongozo ukionekana umekosea hurekebishwa. Sheria ya jimbo husubiri kura, na kura husubiri siasa.

Asa Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Arkansas na Mrepublican asiyeshukiwa kuwa mwanaharakati, aliliona hilo mwaka 2021. Alisema angesaini muswada unaohusu upasuaji tu, lakini ule uliopitishwa na bunge la jimbo lake, wa marufuku kama ya Tennessee, ulivuka mipaka ya serikali na haukuwaachia hata vijana waliokwisha kuanza matibabu. Akaukataa kwa kura ya turufu. Siku iliyofuata, bunge la jimbo likaitengua.