Kutoka siki hadi kijiti cha pamba

Muuguzi anachovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, anapaka mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, kisha anamulika. Pakitokea weupe, pana shaka. Hivyo ndivyo wanawake wengi wa Tanzania na Kenya walivyochunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Gharama ni ndogo na majibu ni ya papo hapo, ila yote yanategemea jicho. Wauguzi wawili wanaweza kumwangalia mama mmoja wakatofautiana.

Kipimo kinachoingia sasa hakingoji doa. Kinatafuta vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Ugunduzi huo ulimpa Mjerumani Harald zur Hausen tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi kiking'ang'ania mwilini, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kujitokeza, kwa hiyo nafasi ya kukiwahi ni kubwa. Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo hiki kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na VVU.

Uzuri wake mwingine ni faragha. Mama anaingia nyuma ya pazia na kijiti chenye pamba, anakiingiza ukeni, anakizungusha taratibu, anakitia kwenye kichupa. Hakuna kupanda kitandani na kutanua miguu mbele ya mtu, aibu ambayo imewaweka wengi nyumbani. Sampuli inaweza kusomwa na GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu, kwa takriban saa moja.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni maneno yanayofuata. Kukutwa na HPV si kuwa na saratani. Mara nyingi mwili hukifukuza kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili. Wala majibu hayasemi nani alikileta, maana kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Mama asipoelezwa hilo, atarudi nyumbani na ugomvi.

Kirusi kikiwa kimeshaleta vidonda vya awali, yaani vya kabla ya saratani, vinavyofaa kutibiwa kwa joto huchomwa kwa kifaa cha mkononi chenye ncha ya nyuzi joto 100 hivi, kwa sekunde 20 hadi 30. Kifaa kikiwa chumba cha pili, mama hutibiwa siku hiyohiyo. Kikiwa hospitali ya mkoa, atahitaji nauli nyingine, na mtu wa kumwachia mtoto.